Kwa nini bunduki za The A-Team zilikuwa haziui mtu

Waliokulia kwenye vibanda vya video wote wanaijua ile kanuni, stelingi hafi. Anaweza kudondoka ghorofani, akala risasi ya bega, akajifunga kitambaa kwa meno akaendelea na mapambano, ila kufa hafi. Sasa The A-Team, ile tamthilia ya Kimarekani ya miaka ya themanini ya jamaa wanne na gari lao jeusi lenye mstari mwekundu, wao walienda mbele zaidi, kule hata adui hafi. Risasi zinamwagwa kama hazinunuliwi, gari linapaa linatua kichwa chini, banda linalipuka, alafu vumbi likitulia unaona majambazi wanatambaa wanatoka, mmoja kashika kiuno, mwingine anamuuliza mwenzake kama yuko poa. Episodi nzima hivo, na wiki ijayo tena hivo.

Watu wanabishana sana kuhusu hili na majibu wanayotoa mengi ni nusunusu. Kuna wanaosema bunduki zilikuwa za plastiki. Kuna wanaosema jamaa walikuwa hawajui shabaha, ambayo inachekesha maana hadithi yenyewe inasema ni makomando. Na wapo wanaojua silaha kidogo, hao watakwambia ile bunduki ndo ilikuwa mbovu, ilikuwa haipigi inapolengwa. Kila jibu lina kaukweli ndani yake ila vitu vitatu tofauti vimechanganywa pamoja: bunduki yenyewe, kilichokuwa kinatoka mdomoni mwa ile bunduki, na sheria za televisheni ya Marekani ya wakati ule. Tuanze na bunduki.

Kwa ambao hawakuwahi kuiona, The A-Team ilianza kwenye mtandao wa televisheni wa NBC Januari 1983 ikaisha 1987, misimu 5, watunzi ni Stephen J. Cannell na Frank Lupo. Hannibal Smith (George Peppard) ndo mkuu, mzee wa sigara kubwa na mipango ya kichaa, Face (Dirk Benedict) ndo mtanashati na tapeli, Murdock (Dwight Schultz) ni rubani aliyelazwa hospitali ya vichaa, na B.A. Baracus ni Mr. T mwenyewe na kilo zake za dhahabu shingoni. Walipigana Vietnam, wakatumwa na mkubwa wao kuvamia benki ya Hanoi, mkubwa akauawa, makao yakaungua pamoja na ushahidi wa ile amri, wakaonekana ni wezi, wakatoroka jela ya jeshi na sasa wako mafichoni Los Angeles wanafanya kazi za kukodiwa kusaidia wanyonge. Ni komedi. Ukiichukulia siriasi utaumia kichwa bure.

Bunduki unayoiona mikononi mwao karibu kila episodi, ile fupi inayong'aa ya chuma cha pua na kitako cha kukunjwa pembeni, hiyo ni Ruger Mini-14. Kampuni ya Sturm, Ruger iliitoa mwaka 1973, na jina lake linajieleza, walichukua mfumo wa M14, bunduki kubwa ya jeshi la Marekani, wakaupunguza ukubwa ili ule risasi ndogo ya .223, ambayo ni ndugu wa damu wa risasi ya M16, bunduki nyingine ya jeshi lao. Mini-14 ya dukani ni ya risasi moja moja, unavuta triga inatoka moja, unaachia unavuta tena. Kwa Mmarekani wa shamba ile ilikuwa bunduki ya kufukuzia mbweha wanaosumbua mifugo, inakaa nyuma ya siti ya pikapu na hakuna anayeshtuka akiiona.

Lakini sasa kwenye tamthilia zinapiga mfululizo, rashasha kabisa. Hapo ndo wengi wanapopotea. Ruger hao hao walitengeneza toleo la polisi na majeshi linaitwa AC-556, ukiliangalia haraka ni Mini-14 tu, tofauti kubwa ni kakitasa ka kuchagulia kalikokaa upande wa kulia karibu na nyuma ya mwili wa bunduki: risasi moja, au tatu tatu, au mfululizo mpaka magazini iishe. Ile ya mtutu mfupi wa inchi 13 na kitako cha kukunja inaitwa AC-556K. Kwenye tamthilia zimetumika zote, za kupiga mfululizo na za kawaida, zikipishana hata ndani ya episodi moja, na kwa kuwa milio inawekwa studio baadae basi sikio lako haliwezi kukusaidia kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo anayesema ni Mini-14 na anayesema ni AC-556 wote wako sawa, waache kutukanana.

Na haikuwa bunduki ya maigizo. Polisi wa Ireland ya Kaskazini walizibeba, Ufaransa walikuwa na toleo lao la polisi, kikosi cha Bermuda kilizitumia miaka mingi kama bunduki yake ya kawaida. Ni silaha ya kazi.

Sasa hesabu ndogo, maana hii mimi huwa inanichekesha. AC-556 inapiga kama risasi 750 kwa dakika. Gawanya kwa 60, ni risasi 12 na nusu kila sekunde. Magazini ya risasi 20 inaisha kwa sekunde 1.6. Ya 30 inaisha kwa sekunde 2.4. Haufiki hata mwisho wa sentensi. Nenda kaangalie tena B.A. akisimama katikati ya uwanja, bunduki kaishikia kiunoni, anazungusha kutoka kushoto kwenda kulia taratibu, triga kaikandamiza, anakunja sura, bado inapiga tu. Wanaobadilisha magazini kwenye tamthilia ile ni wa kuhesabika. Inawezekana kwa sababu shoti inakatwa, kamera inaenda kwa adui, ikirudi kwa B.A. fundi silaha ameshaweka magazini mpya, wewe unaona kama mvua moja isiyokatika.

Hilo la kushikia kiunoni nalo. Waliopita JKT wanajua, kitako kinakaa begani na jicho linakaa kwenye shabaha, ukipiga mfululizo bila hivo mdomo wa bunduki unapanda wenyewe, risasi ya tatu na ya nne zinaenda juu ya vichwa vya watu. Kwa maana hiyo mtu anaweza kusema ah basi, ndo maana walikuwa wanakosa. Kweli kiasi. Na ni kweli pia Mini-14 za zamani zilikuwa na sifa mbaya ya shabaha, mtutu wake ulikuwa mwembamba, ukishapiga mfululizo unapata moto na risasi zinaanza kutawanyika, mpaka Ruger wakaja kuurekebisha miaka ya 2000. Ila mbovu maana yake nini hapa? Maana yake kwa mita 100 risasi zinatua kwenye duara la sentimita 10 hivi, na zaidi kidogo ikishachemka. Kifua cha mtu kina upana kama mara nne ya hapo. Na jamaa wale walikuwa wanapigana mita 15, mita 20, kutoka nyuma ya pipa. Kwa umbali huo hata bunduki iliyopinda inapata mtu. Kwa hiyo jibu la bunduki mbovu tuliweke pembeni.

Tuje kwenye kilichokuwa kinatoka. Ni risasi za baridi, zile zenye ganda na baruti lakini hazina kichwa. Zinalia, zinatoa moto, zinatoa moshi, hakuna kinachoruka kwenda mbali. Bunduki ni ya chuma, ni halisi, na hapa ndo kuna kitu kitamu ambacho wengi hawakijui.

Bunduki kama hii inajiendesha kwa gesi. Risasi ikilipuka, kichwa kinasukumwa mbele kwenye mtutu na gesi iko nyuma yake, kabla kichwa hakijatoka mdomoni gesi kidogo inapita kwenye katundu kadogo chini ya mtutu, inasukuma chuma kurudi nyuma, chuma kile kinafungua mlango, ganda linarushwa nje, spring inarudisha kila kitu mbele na risasi mpya inaingia. Yote hiyo ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Sasa ukiweka risasi ya baridi, kichwa hakipo, mtutu uko wazi mbele, gesi inakimbilia nje yote na ile presha ya kusukuma chuma haipatikani. Bunduki italia mara moja alafu kimya, inabidi ukokote kwa mkono kila mara. Muvi gani hiyo?

Mafundi wanachofanya ni kuziba. Wanatengeneza kizibo cha chuma chenye katundu kembamba katikati, wanakifunga ndani ya mdomo wa mtutu ambapo kamera haioni, gesi inabanwa, presha inapanda, bunduki inajiendesha kama kawaida. Ni mambo yale yale ya kuweka kidole gumba kwenye mdomo wa mpira wa maji. Wanajeshi kwenye mazoezi nao wanaweka kizibo ila cha kwao kinakaa nje na kinapakwa rangi kali ili kila mtu akione. Na elewa maana yake: bunduki yenye kizibo kile ukiiwekea risasi ya moto, kichwa kinakuta njia imezibwa na mtutu unaweza kupasukia usoni kwako. Yaani zile bunduki za A-Team zikishafungwa kizibo zilikuwa haziwezi kupiga mtu hata wakitaka. Bastola za kuzungusha, rivolva, hizo hazihitaji kizibo maana kidole chako ndo kinachozungusha, na hilo tutalirudia sasa hivi kwa ubaya.

Moto mkubwa unaouona mdomoni ni maigizo nusu na ukweli nusu. Mchana wa jua la California bunduki halisi unaweza usiuone moto wake kabisa, ndo maana risasi za baridi za sinema zinatiwa baruti ya kuwaka zaidi. Hata hivo kamera ya filamu ilikuwa inapiga picha 24 kwa sekunde na kati ya picha na picha inafumba jicho, karibu nusu ya muda wote iko giza, mwako nao unadumu muda mfupi sana, kwa hiyo mwingi unapotea hapo. Ukisimamisha video utaona picha ina moto, inayofuata haina, mbili hazina, moja inao. Huwezi kuhesabu risasi kwa kuhesabu moto.

Na vumbi linaloruka ardhini mstari mzima mbele ya miguu ya adui ni vibaruti vidogo vimefukiwa kabla, vina waya, jamaa yuko pembeni na kibodi cha swichi anavilipua kimoja kimoja kwa mpangilio. Cheche kwenye bodi za magari nazo ni hivo hivo, zinatengenezwa, risasi ya kawaida ya risasi-madini na shaba ikigonga bati la gari kwa kawaida haitoi cheche, inatoboa tu. Ambayo inatuleta kwenye ule mchezo wao wa kila wiki, wamefungiwa kwenye ghala, wanakuta mashine ya kuchomelea na vyuma chakavu, muziki unapigwa, wanatoka na trekta lililovikwa mabati kama kifaru. Bati la paa, mlango wa gari, pipa la mafuta, vyote hivo risasi ya .223 inapita kama haijaona kitu, inatoka mtutu mrefu kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Kinga ya kweli kwenye gari ni injini. Waandishi wa tamthilia walikuwa hawana shida na hilo, na mimi mwenyewe nikifika kwenye zile dakika za kuchomelea naongeza sauti.

Mtu asije akadhani risasi ya baridi haina madhara. Oktoba 1984, A-Team ikiwa juu kabisa, mtandao mwingine, CBS, ulikuwa na tamthilia yake ya mapambano inaitwa Cover Up na kijana mtanashati Jon-Erik Hexum ndo stelingi. Kazi imechelewa, amechoka kusubiri, anachezea rivolva ya .44 Magnum yenye risasi za baridi, akaiweka kwenye paji pembeni kama utani akavuta. Kichwa cha risasi hakikuwepo, ila kwenye ganda kuna kizibo kidogo cha kubana baruti, na gesi ile ikitoka mdomoni imegusana na ngozi ina nguvu ya nyundo, ilivunja fuvu na kipande cha mfupa kikaingia kwenye ubongo. Siku sita baadae akatangazwa amefariki. Alikuwa na miaka 26. Ndo maana mara nyingi ukiona mtu anaelekezewa bunduki karibu, mpigaji analenga pembeni kidogo na kamera inakaa kwenye pembe ya kudanganya jicho. Alafu kuna mwigizaji Brandon Lee aliyekufa akiigiza mwaka 1993, hiyo ni habari tofauti, kichwa cha risasi ya kuigizia kilikuwa kimenasa ndani ya mtutu bila watu kugundua, ikaja kuwekwa risasi ya baridi nyuma yake na bunduki ikawa imekamilika. Na 2021 kule New Mexico mpiga picha wa filamu Halyna Hutchins aliuawa wakiwa kazini na risasi ya moto kabisa ambayo haikutakiwa hata kuwepo eneo lile, na aliyekuwa msimamizi wa silaha akafungwa miezi 18. Vifo vitatu, njia tatu, na hakuna hata kimoja ambacho tatizo lilikuwa bunduki ya mfululizo.

Haya, tumeshajua bunduki ni ya kweli na risasi ni za baridi. Bado haijibu swali, maana muvi zote zinatumia risasi za baridi na humo watu wanakufa kama senene. Hapa ndo kuna sheria za televisheni. A-Team ilikuwa inarushwa saa mbili usiku, muda wa familia, watoto hawajalala, na watoto wengi walikuwa wanaitazama. Kila mtandao ulikuwa na ofisi yake ya maadili inayosoma miswada kabla haijapigwa, wanakata wanarudisha, na nje kulikuwa na vikundi vya wazazi na wanaharakati wanaohesabu matukio ya vurugu kwa saa na kupeleka hesabu kwenye magazeti, A-Team ikiwa mfano wao mkubwa. Watangazaji wa bidhaa hawapendi kelele. Upande wa pili tamthilia ilikuwa inaingiza hela, episodi ya pili tu ilirushwa baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, Januari 1983 na ikapaa mpaka kumi bora nchini, nani ataiua? Makubaliano yaliyotoka hapo ndo tunayoyaona, kelele zote ruksa, damu hapana. Piga ardhi, piga matairi, piga tenki la maji limwagike, na gari likibinuka lazima ionyeshwe shoti ya watu wanatoka wazima. Shoti ile haikuwa ya bahati mbaya, ilikuwa kama risiti.

Kwa mtazamo wangu, ubaya wa lile dili haukuwa uongo, komedi ni uongo. Ubaya ni kwamba waliokuwa wanalalamika kuhusu vurugu walipata bunduki isiyo na matokeo, na sina uhakika kwamba mtoto kuona risasi 200 zisizoumiza ni afadhali kuliko kuona moja inayoumiza. Ila wapo wanaoona tofauti na hoja zao si za kijinga.

Maana Mini-14 ile ile, ile ya dukani ya risasi moja moja, ilionekana ikifanya kazi yake halisi Aprili 11, 1986 pembeni ya Miami. Maafisa 8 wa FBI waliwabana majambazi wawili wa mabenki, Michael Platt na William Matix. Platt alikuwa na Mini-14. Mapigano hayakufika dakika 5. Platt mwenyewe alishapigwa risasi mapema kabisa, jeraha la kumuua, ila aliendelea, na kwa bunduki ile alifyatua risasi zisizopungua 42. Maafisa wawili walikufa, Benjamin Grogan na Jerry Dove, watano wakajeruhiwa, kati ya wanane mmoja tu ndo hakuguswa na risasi. Majambazi wote wawili walikufa. FBI ilibadilisha bastola zake na mafunzo kwa sababu ya asubuhi ile. Miaka mitatu baadae, Desemba 1989, Mini-14 iliua tena kwenye chuo cha uhandisi cha École Polytechnique huko Montreal, wanawake 14, na Kanada ikabadilisha sheria zake za silaha, mpaka 2020 wakaja kuipiga marufuku bunduki hiyo kwa jina.

Mwezi mmoja baada ya Miami, Mei 1986, ndo A-Team yenyewe ikavunja kanuni yake. Episodi ya mwisho ya msimu wa 4 inawarudisha Vietnam pamoja na Jenerali Fulbright, aliyekuwa anawafukuza, na huko Fulbright anapigwa risasi na anakufa mbele ya kamera, kifo ambacho washabiki wanakitaja mpaka leo kwa jinsi kilivyokuwa hakijazoeleka. Watazamaji walikuwa wameshaanza kupungua kabla ya hapo, msimu wa 5 ukawa mfupi, wakafunga.

Na mwezi huo huo wa Mei 1986 Marekani ilipitisha sheria ya kufunga daftari la bunduki za mfululizo kwa raia. Zilizokuwa zimesajiliwa kabla ya tarehe 19 zinaendelea kuuzwa na kurithishwa kwa kodi ya dola 200 iliyowekwa tangu 1934, mpya kwa raia hakuna tena, ni polisi, jeshi na wafanyabiashara wenye leseni maalum tu, na kampuni za kukodisha silaha za sinema zinapitia dirisha hilo. Kwa hiyo AC-556 za mikononi mwa raia hazitaongezeka milele na bei zake sasa hivi ni za kununulia gari.

Muvi ya A-Team ilitoka 2010, Liam Neeson akiwa Hannibal. Humo kanuni wameitupa, watu wanakufa kwa risasi kama muvi nyingine yoyote, na milipuko mingi ni ya kompyuta. Niliiangalia ikaisha, sijawahi kuirudia, wakati zile za B.A. anayekosa mtu mita 15 na magazini isiyoisha nikizikuta popote nakaa mpaka mwisho.